Hata kwa Mkono wa Mama Yake

Gamnae, 3 Novemba

Mwanangu Seon-yeong,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Barua hii naituma kwa wakili wako, maana jina lake na ofisi yake vimo kwenye karatasi za mahakama, na wewe mwenyewe sijui uliko. Simu yangu imeharibika, ndiyo nikarudia kalamu. Tangu usichana sijaandika barua ndefu, kwa hiyo nivumilie mistari inavyopanda na kushuka.

Gam, matunda yetu ya uani, zimezaa mwaka huu mpaka matawi yanakatika. Nimezichuma, nimezimenya, nimezifunga kamba na kuzitundika barazani zikauke. Miaka yote ulikuwa ukipanda ngazi wewe, nami chini nakushikia huku nakupigia kelele, "We mtoto, ukivunjika kiuno nani atanizalia wajukuu?" Mwaka huu nimepanda mwenyewe, na hakukuwa na wa kunipigia kelele.

Chang-geun yuko hapa. Amerudi nyumbani tangu walipomwachisha kazi. Ametulia, pombe ameacha. Mwanangu, mlikuwa mke na mume, mkaachana, yakaisha. Kilichobaki ni hii kesi. Wakili wake anasema ukitia sahihi karatasi moja tu, kwamba umesamehe na hutaki aadhibiwe, kesi inakufa hapo hapo. Najua alikuandama kazini. Najua alikupigia simu mpaka ukabadilisha namba, na siku aliyovunja kioo cha mlango wako naijua pia. Lakini ndiye mwana pekee niliye naye. Akifungwa, nani atanizika?

Si yeye aliyeniambia niandike. Ni mimi.

Na wewe unaishije? Unafanya kazi gani siku hizi? Uko mjini au pembeni? Treni inafika huko? Mama anataka kujua tu, roho yake itulie.

Mama yako wa Gamnae,
Ok Bun-nam

*

12 Novemba

Mama,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikaiweka usoni nikainusa. Ilinuka moshi wa jikoni kwako.

Wakili Gu alinionya nisijibu. Nikamwambia, "Huyu siye yeye. Huyu ndiye aliyenipikia supu ya mwani mimba yangu ilipoharibika, wakati mwanawe hata hospitali hakufika." Akanipa bahasha ya ofisi yake. Ndiyo maana barua hii itakufikia kwa mkono wake, bila anwani.

Karatasi ya kusamehe sitaisaini, Mama. Usinikasirikie. Hujui usingizi wangu ulivyo siku hizi. Kila nikisikia hatua kwenye ngazi za jengo, nazima jiko, nazima taa, nasimama nyuma ya mlango nimeshika kikaango. Jirani mmoja ananiita Bi Giza. Anatania, hajui.

Hakimu alitoa amri ya ulinzi: Chang-geun asinikaribie mita mia moja, asinipigie, asiniandikie. Watu wakisikia hivyo wanadhani nimejengewa ukuta. Amri yenyewe ina mwisho wake, na mwisho umekaribia. Kutaka iongezwe siwezi kwenda mwenyewe kwa hakimu. Lazima nimwombe polisi. Polisi akiona inafaa amwombe mwendesha mashtaka. Naye akiona inafaa ndipo amwombe hakimu. Nilimuuliza afande, "Sasa mimi ninayeogopa, mlango wangu uko wapi?" Akanijibu, "Dada, mahakama si duka la mtaani uingie tu."

Nafanya kazi, usihofu. Napika katika jiko la shule. Watoto wanapenda supu yangu ya soya iliyochachushwa, nilivyofundishwa na wewe. Mji wenyewe unanuka samaki. Huku wanawatundika nje kwenye vichanja vya miti, baridi iwakaushe, na harufu yao inaingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Nikiwaona wamepangwa vile, nakumbuka gam zako barazani.

Vaa soksi nzito.

Mkazamwana wako, au vyovyote niitwavyo sasa,
Seon-yeong

*

Gamnae, 24 Novemba

Mwanangu,

Nimefurahi kupata barua. Kumbe uko kwenye samaki wa vichanja! Miji ya namna hiyo si mingi. Shule yenyewe ni ya msingi au ya sekondari? Ni kubwa? Mnatoka kazini saa ngapi? Jua linazama mapema siku hizi na wewe unatembea peke yako.

Karatasi ya kusamehe nimeitia humu ndani. Ni sahihi moja tu. Chang-geun amekonda. Anasema akikuona hata mara moja, mkae, mzungumze kama watu wazima, atakuacha uende zako. Mume na mke wakigombana ni kama kukata maji kwa kisu. Mfikirie.

Baba mkwe wako naye anakusalimu sana. Anakula vizuri. Anasema amekukumbuka ulivyokuwa ukimkanda miguu. Anasema uvae viatu vyepesi na usikae sana mahali pamoja, barafu ya huko ni mbaya.

Mama

*

28 Novemba

Wakili Gu,

Tafadhali isome barua niliyoiambatanisha, mpaka ufike aya ya mwisho.

Baba mkwe wangu amekufa. Alikufa kabla sijaachana na Chang-geun. Nilimkanda miguu mpaka siku ya mwisho, na ni mimi niliyeshika kitambaa Mama alipomfunga taya. Mama hajachanganyikiwa. Mama ana akili kuliko sisi wote. Ananiambia nikimbie.

Nimeirudia na barua ya kwanza. Mama huyu hajawahi kuniuliza natoka kazini saa ngapi. Nilifanya kazi kiwandani miaka yote ya ndoa na hata jina la kiwanda hakulijua, alikuwa akisema tu "kule kwenye mashine." Anayeuliza kama shule ni ya msingi au ya sekondari amesimama nyuma ya kiti chake. Na mimi, kwa mdomo wangu mpana, nimemwambia habari za samaki.

Amri inamkataza kuniandikia. Sasa haya siyo maandishi yake? Mkono ni wa mama, lakini ulimi ni wa nani?

Na kuna jambo la pili, ambalo huenda si kazi yako. Mama yuko naye ndani. Nani anamlinda Mama?

Pyo Seon-yeong

*

Ofisi ya Wakili Gu Mi-ran, 5 Desemba

Bi Pyo,

Nimekwenda polisi na barua zote mbili. Afande alizisoma akacheka kidogo, akasema, "Wakili, bibi wa kijijini anamwandikia mkwewe habari za matunda. Kosa liko wapi?" Nikamwonyesha habari ya marehemu. Akasema, "Wazee husahau."

Nikaenda kwa mwendesha mashtaka. Yeye hakucheka. Alinifungulia sheria akaweka kidole: mshtakiwa asimwandikie mlalamikaji. Basi, imeishia hapo. Haisemi kitu juu ya kupitia kwa mtu mwingine. Alisema, "Nami naliona tundu, lakini siwezi kuliziba kwa kidole changu." Ombi lako la kuongezewa muda liko mezani kwake, chini ya mafaili mengine. Ameahidi.

Kuhusu Bi Ok: asipolalamika mwenyewe, hakuna anayeweza kubisha mlango ule.

Kuna kitu kimoja. Kamati ya bunge inapitia upya taratibu za amri hizi. Wanaotunga sheria wamesikiliza maprofesa mpaka wamesinzia. Wanataka mtu aliyeishi ndani ya hayo. Unaweza kusema ukiwa chumba kingine, sauti yako ikabadilishwa na jina lisitajwe. Sikushurutishi.

Tafadhali omba ruhusa kazini siku chache. Njia moja usiipite mara mbili.

Gu Mi-ran

*

19 Desemba

Wakili Gu,

Naandika kutoka kwenye ile nyumba ya hifadhi uliyonitafutia. Asante. Dirisha lake linatazama ukuta, na nimeupenda ukuta huo.

Nakueleza kwa mpangilio, maana kwenye simu nilikuwa nalia.

Nilikuwa natoa ndoo za mabaki nyuma ya jiko la shule. Nikainua macho. Ng'ambo ya barabara kuna vichanja vya samaki, na kati ya vichanja amesimama Chang-geun. Hakuja, hakuita. Alikuwa ameshika fungu la gam za kukausha, zimefungwa kwa kamba nyekundu anayotumia Mama. Akaliinua juu, kama mtu anayemwonyesha mtoto peremende.

Polisi walikuja wawili. Walikuja na utepe wa kupimia, Wakili. Mmoja akashika ncha kwenye mlango wa jiko, mwingine akaenda nao hadi alipo yeye, na Chang-geun akamsaidia kuushika usipepee. Wakapima. Alikuwa ng'ambo ya mpaka kwa hatua chache. Yule polisi kijana akarudi akaniambia, "Hajakukaribia, hajakusemesha. Kuinua matunda si kosa." Mwenziwe akapiga simu kituoni kuhakikisha. Akakata simu, akaniangalia miguuni, akasema, "Dada, hata hizo mita hazina maana. Amri yako iliisha wiki iliyopita. Ombi halikupelekwa. Tulidhani uliambiwa."

Wiki nzima nimelala sina kitu, nami nikidhani ninacho.

Mwalimu mkuu ni mwanamke mzuri. Alinishika mikono akasema nipumzike mpaka mambo yatulie. Nimeelewa maana yake. Sina kazi.

Waambie kamati nitakuja. Mimi ndiye niliyefungwa. Yeye anatembea na matunda mkononi.

Seon-yeong

*

Hamamu ya Dal-sun, Gamnae, 8 Januari

Mwanangu Seon-yeong,

Leo ni mimi peke yangu.

Naandika nimekaa kwenye kiti cha plastiki, taulo kichwani, karatasi imelowa pembeni. Nipo kwa Dal-sun mwenye hamamu, unamkumbuka, yule mwenye sauti ya tarumbeta. Upande wa wanawake ndipo mahali pekee Chang-geun hawezi kunifuata. Yuko nje kwenye gari anavuta sigara. Nimemwambia viungo vinaniuma na nitachelewa. Dal-sun ataituma.

Zile barua mbili aliziamuru yeye. Mambo ya gam yalikuwa yangu, maswali yalikuwa yake. Ya pili aliisoma mpaka kwenye karatasi ya kusamehe, akaniambia, "Malizia salamu," akaenda kutafuta bahasha. Ndipo nikamwingiza baba yake. Alipokuwa hai, marehemu hakuwahi kunifaa kama alivyonifaa siku ile.

Kisha akachukua fungu la gam akaondoka na gari alfajiri. Nilikaa kizingitini siku nzima nikisema, mkimbize, Mungu wa milima, mkimbize mtoto wa watu. Jioni alirudi amenuna. Nikajua hakukupata. Nilishangilia moyoni, na usoni nikamwandalia chakula.

Simu yangu haikuharibika. Ameichukua. Mkono wangu wa kushoto umefungwa. Nimewaambia watu nilianguka kwenye ngazi ya gam. Dal-sun alipokuwa ananisugua mgongo aliona alama, akaacha kusugua. Halafu akaniambia, "Dada, ngazi yako ina vidole."

Mwanangu, muulize wakili wako neno hili kwa ajili yangu. Ile amri ya mita mia, mama anaweza kuiomba juu ya mwanawe? Na akipewa, mita mia zinapimwaje ndani ya nyumba ya vyumba viwili?

Usinijibu nyumbani. Andika kwa jina la Dal-sun.

Mama

*

20 Januari

Mama yangu,

Nimekuulizia. Wakili anasema ndiyo, mama anaweza. Itabidi umshtaki. Itabidi uonyeshe mkono na mgongo. Polisi wakiona inafaa watamwambia mwendesha mashtaka, naye akiona inafaa atamwambia hakimu. Njia ni ile ile niliyopita mimi. Na wakati karatasi zinatembea kutoka meza hadi meza, wewe unarudi kulala wapi?

Nilimuuliza Wakili Gu pia kuhusu mita ndani ya vyumba viwili. Alivua miwani akaifuta, akaivaa.

Mama, toka. Njoo kwangu. Chumba ni kidogo, lakini tumewahi kulala watu wawili chini ya blanketi moja, na wewe unakoroma nami sikulalamika hata siku moja. Tutafungua kibanda cha supu. Wewe utatukana wateja, mimi nitawaomba radhi.

Ukishindwa kutoka, basi njoo kwa kamati. Wanakaa mwishoni mwa Februari, mji mkuu. Mimi nitasema nikiwa nimefichwa. Nikisema kwamba alipitia kwa mama yake, wataniuliza ushahidi uko wapi. Ushahidi ni wewe. Lakini ukiniambia huwezi, sitakuuliza mara mbili. Najua ninachokuomba. Namwomba mama asimame mbele za watu dhidi ya mwanawe.

Seon-yeong

*

2 Machi

Mama,

Kwenye kamati walitukataza kuonana. Walisema wewe ni mtu wa upande wa mshtakiwa na mimi ni mlalamikaji, na utaratibu ni utaratibu. Nilikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja katikati, mbele yangu kipaza sauti na spika. Sauti yangu waliikoroga mpaka ikawa ya dume. Niliposema habari za utepe na mpaka, nilisikia upande wa pili mtu akikohoa, kikohozi cha moshi wa kuni. Nikajua umekuja.

Halafu nikakusikia. Yule mbunge mwenye sauti nyororo alikuuliza, "Bibi, tukiandika kwenye sheria 'kwa kupitia mtu mwingine yeyote,' huoni tutawatia hatiani wazazi wasio na kosa? Mama kumwandikia mkwewe barua, hiyo nayo iwe kosa?"

Nilidhani utalia. Nilikuwa tayari kulia nawe. Badala yake nikasikia kiti kikiburutwa, na sauti yako ile ya kufukuza mbwa jikoni: "Mheshimiwa, umewahi kuandika barua mtu amekushika kisogo? Mimi nimeandika. Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri tu. Mtoto yule aliusoma akaulilia. Mwandiko wangu ndio uliompeleka mwanangu hadi mlangoni pake. Kwa hiyo andikeni. Andikeni asimfikie kwa simu, kwa rafiki, kwa tunda, hata kwa mkono wa mama yake. Na huyo binti mwacheni aende kwa hakimu kwa miguu yake, asipitishwe mlango wa huyu na wa yule kama mwombaji. Na amri ikifa, aambiwe. Hata mtu akifa ndugu huambiwa."

Kiti kikaburutwa tena, Mama. Nilisikia mtu anakunja karatasi.

Nilitaka kugonga ukuta. Nilinyoosha mkono, dada wa nyumba ya hifadhi aliyenisindikiza akanishika.

Uko wapi sasa? Dal-sun anasema ulirudi nyumbani. Kwa nini ulirudi?

Seon-yeong

*

Ofisi ya Wakili Gu Mi-ran, 18 Machi

Bi Pyo,

Kabla hujasikia kwa wengine: Bi Ok yuko hai, na yuko hospitali ya wilaya. Mbavu mbili na kichwa.

Alimwambia mwanawe kwamba anakwenda mji mkuu kuangaliwa mkono. Taarifa ya habari haikuonyesha uso wake, lakini ilitoa maneno yake, na Chang-geun anaijua sauti ya mama yake. Alianza na mitungi ya soya uani, akaipasua mmoja baada ya mwingine, kisha akamgeukia mama yake. Dal-sun alisikia kutoka ng'ambo ya barabara akaita polisi. Wakati huu walimkuta mkono ungali juu. Yuko ndani, na hatatoka kwa dhamana.

Nimemtembelea Bi Ok. Nilimuuliza kwa nini alirudi baada ya kusema yale yote. Aliniangalia kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Bi Wakili," akasema, "ni nyumba yangu. Na ile ni mimba yangu. Mchuma janga hula na wa kwao."

Aliniomba nisikuambie habari za mbavu. Nimevunja ahadi hiyo kwa makusudi, kwa sababu katika kesi hii tumefichana ya kutosha.

Gu Mi-ran

*

Ofisi ya Wakili Gu Mi-ran, 14 Juni

Kwa Bi Ok Bun-nam, kwa mkono wa Bi Dal-sun

Bi Ok,

Natumaini mbavu zimeunga. Nakuandikia habari nzuri na habari ambayo sijui niipe jina gani.

Bunge limepitisha mabadiliko. Kuanzia tarehe moja Julai, mlalamikaji atakwenda mwenyewe kwa hakimu kuomba amri ya ulinzi. Amri haitakufa kimya kimya. Lazima mwenyewe aarifiwe kwanza. Na kipengele ulichokisemea kimepita: mshtakiwa asimfikie kwa njia yoyote, wala kwa kupitia mtu mwingine yeyote, wakiwemo ndugu na wazazi.

Chang-geun amehukumiwa kwa kesi zote mbili. Atatoka mwakani wakati wa majira ya kuchipua. Bi Pyo atapeleka ombi lake asubuhi ya kwanza sheria ikianza, na amri itaendelea hata baada ya kifungo.

Sasa hili jingine. Hakimu atakayeitoa hawezi kutofautisha barua uliyoandika kwa hiari yako na ile uliyoandikishwa. Zote mbili ni mwandiko mmoja. Kwa hiyo jina lako litaandikwa. Tangu siku hiyo, barua, simu, salamu, hata kifurushi cha gam kutoka kwako kwenda kwake, vitahesabiwa kuwa vimetoka kwa Chang-geun.

Bi Pyo hajakubali. Anataka kumwomba hakimu akuachie wewe, aandike "isipokuwa mama." Inawezekana. Nimekwisha kuandaa maneno. Nahitaji tu useme ndiyo, na tarehe moja iko karibu.

Gu Mi-ran

*

Gamnae, 21 Juni

Mwanangu Seon-yeong,

Hii ndiyo ya mwisho, nami naiandika mezani kwangu, mchana, mlango wazi, hakuna aliyesimama nyuma yangu. Nimeona nikuandikie mara moja hivi, ujue mwandiko wangu ukiwa huru unakaaje. Naona bado mistari inapanda.

Mwambie Bi Wakili: hapana. Usiombe niachiwe.

Najua umekasirika. Nakuona ulivyofinya midomo. Unasema, Mama amevunjwa mbavu kwa ajili yangu, halafu leo nimfungie mlango? Sikiliza. Nilipomwambia yule mbunge aandike hata mkono wa mama yake, nilijua ninasema nini. Sikuwa nimepandwa na hasira. Njia nzima kwenye basi nilikuwa nikiyapima maneno hayo, nikiyatafuna, nikiyameza, nikiyarudisha. Dal-sun alidhani nina kichefuchefu, akanipa mfuko.

Mwakani atatoka. Nitamsubiri kwenye lango la gereza na kipande cha tofu, ale kabla hajazungumza, kama watu wanavyofanya, ili asirudi tena humo. Nitampeleka nyumbani, nitampikia. Usinishangae. Wewe uliolewa naye ukamwacha, hiyo ni haki yako. Mimi sina pa kumwachia. Bi Wakili ameniletea karatasi niombe amri yangu mwenyewe, nimeiweka chini ya godoro. Huenda siku moja nitaitoa. Leo mkono hauendi.

Basi jua hivi: siku atakayokaa tena jikoni kwangu, ataniuliza, "Mama, Seon-yeong yuko wapi?" Kama hakimu ameniachia upenyo, nitakuwa na habari zako. Nitajua mji, nitajua mtaa, nitajua kama umeolewa, kama una mtoto. Na nimezeeka, mwanangu. Akinishika kisogo tena, sijui nitamsingizia marehemu mara ngapi. Ukiniachia mimi tundu, atapita humo humo.

Nataka nimwambie "sijui" na liwe kweli.

Kwa hiyo nenda kwa hakimu kwa miguu yako. Vaa vizuri. Ongea kwa sauti, usimumunye maneno kama unavyofanya ukiogopa. Akikusomea majina, akifika kwenye jina langu, usimkatize. Mwache asome mpaka mwisho.

Kibanda cha supu ufungue. Wateja watukane mwenyewe, umeshajifunza.

Ukinijibu kabla ya tarehe moja nitalisoma jibu lako, na nikilisoma nitalikumbuka. Usijibu.

Mama